Galoni ya Wifi

Jumanne, 2 Septemba

Majibu yametoka. Saratani ya kibofu. Imeshaingia kwenye msuli.

Daktari aliyasema hayo akiitazama kompyuta yake. Nadhani kompyuta ndiyo mgonjwa, sisi tulikuwa wasindikizaji. Halafu akachora puto kwenye karatasi, akalitia doa pembeni, akasema hiki ndicho kibofu na huu ndio uvimbe. Tunashukuru. Mume wangu anatembea na kibofu chake miaka yote hii, leo ndiyo kaonyeshwa puto.

Mpango ni huu: kwanza chemo, miezi kama mitatu, kisha operesheni ya kukitoa kibofu chote. Chemo inaanza Jumatatu tarehe 22. Isicheleweshwe, kasema, ikishafika kwenye msuli haisubiri mtu. Na figo ziwe nzima, maana dawa hiyo inapita kwenye figo na haina huruma. Kwa hiyo hakuna kunywa kitu kingine, si cha duka la dawa wala cha mizizi. Hapo ndipo alipotuangalia kwa mara ya kwanza.

Akamuuliza mume wangu, Fundi, mkojo ulikuwa na rangi gani kabla hawajamkwangua ule uvimbe. Fundi akajiweka sawa kwenye kiti. Mtu anayepiga rangi magari humuulizi swali hilo ukiwa na haraka. Mwanzoni waridi iliyopauka, akasema, baadaye maruni, ile ya mabasi ya shule, si nyekundu, watu wanachanganya. Daktari akaandika neno moja: damu.

Mimi nilijua tangu Juni. Mimi ni dobi, nakula kwa madoa. Nilikuta doa kwenye bukta yake, akaniambia ni rangi ya pikapu ya mteja. Rangi ya gari haitoki kwa maji baridi! Hili lilitoka. Kesho yake nikamburuta hospitali akinung'unika njia nzima. Wanaume — gari likikwaruzwa wanakaribia kulia, wakivuja damu wao wanasema ni rangi.

Tukarudi mpaka getini. Pale akaniuliza maziwa ya jana bado mazima? Ninuse. Yeye hanusi chochote, na ulimi wake hautofautishi chungu na tamu, thinner ya kuchanganyia rangi ilishayamaliza hayo zamani. Nikanusa. Mazima. Akanywa akiwa amesimama.

Jumatano, 3 Septemba

Habari zimeshazunguka. Jirani wa ukuta mmoja, Mama Redio (jina nimempa mimi, mtaa mzima unalitumia, mwenyewe tu hajui), kaja na wenzake wawili kutoa pole. Wakaketi sebuleni mpaka birika likakauka. Kila mmoja alikuja na maiti yake. Mmoja shemeji yake alianza hivihivi. Mwingine ana binamu aliyeunguzwa na chemo mpaka kucha. Fundi kakaa palepale anatabasamu, anasikiliza kwa adabu zote. Wameshamzika, bado kutaja saa tu.

Kuondoka, Mama Redio akanikumbatia, akaninong'oneza nijikaze, ujane una mitihani yake.

Ujane! Mwenye mume alikuwa nyuma yake anamtafutia ndala zake.

Alhamisi, 4 Septemba

Kaja Kipara, mwenzake wa gereji. Huyu angalau hakuleta maiti. Kaleta maziwa, pakiti sita. Pale gereji wana imani yao: ukishapiga rangi, kunywa maziwa, yanaosha thinner kifuani. Barakoa zimening'inia msumarini tangu zinunuliwe, zinatengeneza utando. Miaka yote maziwa yanapita tumboni, moshi wa rangi unapita kwenye mapafu na kuishia kwenye mkojo, havijawahi kukutana hata siku moja. Daktari kasema yaweza kuwa ndiyo sababu. Nikamwambia Kipara. Akacheka, akasema shemeji na wewe, basi sote tungekuwa tumekufa. Kisha akamtazama Fundi, akaacha kucheka, akaanza kuzungumzia mpira.

Ijumaa, 5 Septemba

Wifi kaingia. Na begi, na mto wake mwenyewe, na galoni.

Niseme ukweli wa Wifi kwanza, kabla sijamchamba. Ni dada mkubwa wa Fundi. Mama yao alipofariki Fundi alikuwa bado ananyonya kidole, na huyu ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamtafutia mafunzo ya rangi. Kwa hiyo Wifi akimpa Fundi kitu, Fundi anameza. Hata kiwe kiatu.

Sasa nimchambe. Ni mwalimu mstaafu na anazungumza na kila mtu kama yuko mbele ya ubao. Kafika, kakagua jiko langu, kasema hewa haizunguki. Kasogeza kochi. Galoni kaiweka juu ya meza ya chakula, kaifungua — kimaji kizito cha kahawia, harufu kama kamba ya mbuzi iliyonyeshewa. Mizizi na magome ya aina saba. Kapewa na mtu anayeaminika. Nikauliza anaaminika na nani. Akasema wifi, usianze.

Nikamweleza aliyoyasema daktari. Figo. Mizizi hapana. Akanisikiliza kwa upole ule wa kumsikiliza mtoto aliyekosea hesabu, kisha akasema madaktari wana biashara yao. Mwalimu! Aliyefundisha sayansi! Akamimina glasi, akampa mdogo wake. Nikamwangalia Fundi. Fundi akaangalia glasi, akaigeuza kidogo kwenye mwanga, akanywa yote. Asubuhi na jioni, akaagiza Wifi.

Nikatoka kuanua nguo, nyingine bado mbichi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefanya. Wifi alipokwenda kusuka na Fundi alipokwenda gereji kuaga, nilimwaga galoni nzima chooni. Kwenye sinki nisingethubutu, ilishaacha alama pale jana na nimeisugua asubuhi yote. Nikachemsha majani ya chai, mengi, mpaka yakawa meusi na machungu ya kukunja uso. Nikatia chumvi kidogo, kwa heshima ya mganga. Nikajaza galoni mpaka palepale ilipokuwa. Harufu haijalishi: Fundi hana pua, na Wifi haonji, anaamrisha tu.

Jioni kanywa. Akakunja uso kidogo, akamshukuru dada yake.

Leo nitalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Wasome watakavyosoma, wamekutana na dobi.

Jumanne, 9 Septemba

Kazi nyingi. Mashuka ya hoteli, mashati ya harusi. Mteja kaniuliza mgonjwa anaendeleaje, nikasema salama, akasema mbona umekonda wewe. Nikamrudishia shati lake bila kulikunja.

Nyumbani Wifi kasogeza kochi tena.

Alhamisi, 11 Septemba

Vipimo vya figo. Safi kabisa! Nesi kasema kama za kijana. Nilitaka kumbusu.

Wifi akaichukua ile karatasi, akaisoma na miwani, akaikunja, akaniambia, "Unaona wifi? Na bado unabisha." Akaigonga galoni kwa kidole, kama mtu anayempongeza farasi.

Nilikaribia kupasuka kwa kicheko, nikaenda kucheka bafuni, bomba nimelifungulia.

Jumapili, 14 Septemba

Mkojo wa Fundi umekuwa mweupe. Kanieleza mwenyewe: si njano, si waridi, kama maji ya kuoshea brashi mara ya mwisho. Bila shaka, uvimbe walishaukwangua, daktari alisema damu ingekata baada ya wiki chache. Lakini nani anamkumbuka daktari? Wifi karuka na sifa. Aina saba za magome zimefanya kazi.

Mama Redio kasikia (ukuta mmoja) na kaja kuomba chupa kwa ajili ya goti lake. Wifi kamjazia. Saa kumi anapita dirishani anatembea kama msichana, anasema goti limefunguka. Kwa chai yenye chumvi.

Nimewadharau wote leo, mmoja mmoja, kwa zamu. Nilipowamaliza nikafua.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeumbuka.

Tulikuwa tunakula. Fundi akaweka kijiko chini, akasema amefikiria. Hiyo chemo isubiri kidogo. Mwezi, miezi miwili. Kama dawa ya dada inafanya kazi na damu imekata, ya nini kujiunguza? Aliongea akitazama sahani. Wifi akashusha pumzi, akasema Mungu mkubwa, mdogo wangu umepata akili.

Mimi nikabaki na tonge mkononi.

Niliutega mtego mwenyewe na nimenasa mimi. Ningeiacha ile mizizi, figo zingechafuka, daktari angemkaripia, ungekuwa ugomvi wa wazi. Sasa nina mgonjwa anayejisikia vizuri kwa chai. Uvimbe uko kwenye msuli. Hausubiri, daktari alisema. Mume wangu anaahirisha maisha yake kwa sababu ya majani niliyoyachemsha mimi kwenye sufuria yangu.

Na nilikuwa najiona mjanja. Bafuni, nacheka, bomba wazi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimempigia nesi. Kasema mlete hata kama hataki, aje azungumze na daktari tu, nafasi yake wanaishikilia. Fundi kakubali — kuzungumza tu. Karudia mara mbili, kuzungumza tu, bosi. Mimi ndiye bosi. Ananiita hivyo tangu tuoane, akitaka kitu au akiogopa.

Nilikusudia kumwambia leo. Alikuwa uani anaipiga rangi ile stuli ya zamani, kwa brashi. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Akanyanyua uso, akaniuliza kama naona mguu mmoja umekolea kuliko mingine. Mimi sioni chochote. Miguu yote ni ya bluu. Yeye anaona, anaumia, anaurudia.

Ningemwambia nini? Kwamba tumaini lake ni majani ya chai ya pakiti? Atanitazama vipi? Na Wifi je — amemlea, kavuka nusu ya nchi na galoni mapajani, na mimi nimeimwaga chooni. Simwonei huruma. Kidogo tu.

Nikasema naona, mguu wa kushoto. Akasema wa kulia.

Jumapili, 21 Septemba

Nimepanga begi: pajama, soksi nene, kitana (sijui kwa nini kitana), thermos. Wifi kasema begi la nini kama ni kuzungumza tu. Nikamwambia hospitali kuna baridi.

Sijamwambia. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 22 Septemba

Naandika nimesimama, daftari nimeliegemeza dirishani. Nisipoandika nitamfokea mtu, na watu wote humu wana mabomba ya dripu mikononi.

Wodi ya chemo ni chumba kirefu chenye viti vya kulalia kandokando ya ukuta, kila kiti na chuma chake cha kutundikia dripu. Nilitegemea vilio. Kumbe watu wanacheza simu. Mama mmoja anabishana na mtoto wake kwa simu kuhusu funguo za kabati. Kiti cha Fundi kiko karibu na dirisha. Wamekitandika shuka jeupe, halikupigwa pasi vizuri.

Kiti chake hakukikalia. Kasimama nyuma yake, kakishika mgongo.

Daktari alikuwa anazunguka wodi nyingine, kwa hiyo nesi akaanza na maswali yake. Homa? Hapana. Kikohozi? Hapana. Anatumia dawa nyingine zozote, za asili labda, mitishamba?

Fundi akajibu kabla swali halijaisha. "Natumia. Mizizi. Asubuhi na jioni."

Wifi akafungua mkoba, akatoa chupa, akaiweka mezani. Alikuja nayo! Akaanza kumfundisha nesi juu ya magome. Nesi akaweka kalamu chini.

"Basi leo haiwezekani, hata kama mzee angetaka," akasema. "Figo zipimwe upya, daktari apange tarehe nyingine. Foleni ni ndefu, inaweza kuwa mwezi ujao, inaweza kuzidi."

Nikamwangalia Fundi. Nilitegemea kuona mtu aliyeshinda ubishi. Nikaona mabega yake yanashuka, taratibu, kama ya mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Hakuwa anaiangalia chupa kabisa. Alikuwa anauangalia mlango.

"Ni chai," nikasema.

Nesi akauliza nini ni chai. Nikasema hiyo chupa. Na galoni iliyobaki nyumbani. Majani ya kawaida na chumvi, nilichemsha mimi, ile yenyewe niliimwaga chooni tarehe sita. Kanywa glasi mbili tu za kweli, ya Ijumaa na ya Jumamosi asubuhi, kabla ya vipimo vya figo, na vipimo vilikuwa safi. Nilisema yote kwa pumzi moja nikitazama kifungo cha sare ya nesi.

Nesi akaifungua chupa, akanusa. Akauma mdomo asicheke. Akasema anakwenda kumuuliza daktari, akaondoka nayo.

Wifi akaniita kwa jina langu. Miaka yote ni wifi, wifi, leo jina. Nikajiandaa kwa matusi, nilistahili, nilikuwa na yangu tayari pia. Hakutukana. Alisema tu, "Mimi nilitaka awe na kitu kutoka kwangu." Akakaa kwenye kile kiti cha wageni, mkoba kifuani. Mwanamke aliyekuwa anasogeza kochi langu — sasa ni mzee, na kanda za viatu zimembana miguu. Sikupenda kuona hivyo. Ni rahisi zaidi kumchukia.

Kisha Fundi akasema, polepole, bila kumtazama yeyote, "Najua ni chai."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu ile Jumamosi jioni. Ile ya dada ina kijani kwa chini, ukiiweka kwenye mwanga. Yako imeegemea kwenye wekundu. Hazifanani hata kidogo, bosi. Ungepaka mlango kwa hiyo na boneti kwa hii, mteja angerudisha gari."

Nilimwibia pua, nikasahau macho! Mimi niliyeolewa na mtu anayeona mguu wa stuli umekolea. Wiki mbili nimewacheka watu bafuni, na mwenye glasi alikuwa anajua.

"Na ukanyamaza," nikasema.

"Ningesema nini? Nikisema ni chai, nimekosa sababu ya kutokuja huku." Akapapasa lile shuka kwa vidole, pale penye mkunjo. "Naogopa, bosi. Naogopa hilo bomba, na naogopa huo mfuko wa mkojo watakaonining'inizia wakishakitoa kibofu. Nilikuwa nakunywa chai yako, nasema kesho."

Wifi akalia, bila sauti, mdomo kaufunika kwa kanga. Mimi sikulia. Nilikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu aliyepita kwenye sebule yangu mwezi huu, kwa ujinga wao, kwa maziwa yao, kwa goti la Mama Redio. Kwa hili sina. Nimetafuta, sina. Na mimi naogopa. Naogopa mpaka nachemsha majani kwenye galoni ya watu badala ya kumshika mume wangu mkono nikamuuliza.

Nimemwambia hivyo. Si kwa uzuri huo. Nimesema, "Hata mimi."

Nesi karudi. Daktari kasema figo ni zilezile, tunaweza kuendelea leo, ataanza na dripu ya maji tu, kama mgonjwa mwenyewe yuko tayari. Trei kaiweka kwenye meza ndogo. Sindano, pamba, plasta. Anamsubiri. Hamharakishi, namshukuru kwa hilo.

Fundi ananiuliza thermos ina nini.

Nimemwambia chai.

Ananiuliza ya sukari au ya chumvi. Wifi katoa sauti pale kitini, sijui ni kilio au kicheko.

Bado kasimama. Mkono mmoja uko kwenye mgongo wa kiti. Ule mwingine umefika kwenye kishikizo cha shati, cha kifundo cha mkono wa kushoto, anakizungusha, anakizungusha, kinakwama kwenye tundu — vidole vyake vinene, vishikizo hivi huwa namfungulia mimi. Nesi kanitazama mimi. Nafunga daftari, niende nikamfungulie.